Misingi ya kupiga picha ya eksirei, na kwa nini Tana River inahitaji vijana wanaoijua

Na MWANDISHI WETU

KIJANA akiteleza kutoka juu ya mwembe kando ya Mto Tana na mkono wake ukavimba, swali la kila aliye karibu huwa moja: umevunjika au umeteguka? Jibu halipatikani kwa kuutazama mkono, na mara nyingi halipatikani hata kwa kuupapasa. Hupatikana kwa picha ya eksirei.

Katika mji mkubwa shughuli hiyo huchukua saa chache. Katika Kaunti ya Tana River ni safari. Kaunti hii ina eneo la zaidi ya kilomita mraba 35,000, ilhali sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu wakazi 315,943 pekee. Wakazi hao wametawanyika: Wapokomo wakilima kandokando ya mto, Waorma na Wawardei wakihama na mifugo kati ya nyika kavu na nyasi za delta. Mgonjwa kutoka Garsen hutegemea hospitali ya Ngao iliyo karibu na Tarasaa, au ile ya Hola kwenye makao makuu ya kaunti, au husafirishwa kilomita zaidi ya 100 hadi Malindi. Mafuriko nayo huja na yake. Mwezi Novemba 2023, na tena katika msimu wa mvua wa mwaka wa 2024, maji yalifunika sehemu za barabara ya Lamu kuelekea Garsen katika eneo la Gamba, na magari yakakwama pande zote mbili.

Kwa sababu hiyo, picha iliyoharibika hapa ni hasara ya mara tatu: nauli imepotea, siku imepotea, na mwili wa mgonjwa umepokea mionzi bila faida. Wengi hudhani ubora wa picha hutokana na ubora wa mtambo. Ukweli ni kwamba mtambo wa bei ghali ukiwa mikononi mwa asiyejua misingi hutoa picha isiyosomeka, na mtambo wa kawaida ukiwa mikononi mwa mjuzi hutoa picha inayookoa mkono au mapafu. Makala haya yanaeleza misingi hiyo, hatua kwa hatua, kwa msomaji wa kawaida na kwa kijana anayefikiria kuifanya kazi hii.

KIVULI CHA NURU ISIYOONEKANA

Mnamo Novemba 8, 1895, mwanafizikia Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akipitisha umeme ndani ya bomba la kioo katika chuo kikuu cha mji wa Würzburg. Bomba lenyewe alikuwa amelifunika kwa karatasi nzito nyeusi, lakini kila umeme ulipopita, bamba lililopakwa kemikali lililokuwa kando lilimetameta gizani. Alitambua kwamba kuna miale inayopenya karatasi ile. Kwa kuwa hakuijua asili yake, aliipa jina la herufi X, ambayo wanahisabati huitumia kwa jambo lisilojulikana. Kabla ya mwaka huo kumalizika alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha, mifupa ikionekana wazi na pete ikining'inia kwenye kidole. Mwaka wa 1901 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia.

Kanuni ya picha hiyo anaijua kila mtoto aliyewahi kucheza na vivuli mbele ya kandili. Taa ikiwa upande mmoja, mkono katikati na ukuta upande wa pili, ukutani hutokea kivuli cha mkono. Eksirei ni kivuli cha namna hiyo, ila nuru yake haionekani kwa macho na haizuiliwi yote na mwili. Sehemu yake hupenya na sehemu nyingine hunyonywa njiani, na tofauti hiyo ndiyo inayochora picha.

Hewa huiachia miale karibu yote, hivyo mapafu hutokea meusi. Mafuta hunyonya kidogo, nayo huwa ya kijivu kilichokolea. Misuli, damu na maji hunyonya zaidi, nayo huwa ya kijivu cheupe. Mfupa una madini mengi ya kalisi yanayozuia miale, ndiyo maana ni mweupe. Chuma, kama vile sarafu iliyomezwa na mtoto au risasi iliyokwama mwilini, huwa cheupe pepepe. Mtaalamu anayesoma picha, kwa hakika, anasoma rangi hizo tano na mahali zinapopakana.

Mchezo wa kandili unatufunza jambo jingine. Mkono ukisogezwa karibu na ukuta, kivuli hupungua na kingo zake huwa kali. Ukisogezwa karibu na taa, kivuli huvimba na kufifia. Sheria ya kwanza ya mpigaji picha inatoka hapo: kiungo kinachopigwa kiguse, au kikaribie iwezekanavyo, bamba linalopokea picha, na bomba la miale liwe mbali.

NDANI YA BOMBA

Moyo wa mtambo ni bomba lililotolewa hewa yote ndani yake. Upande mmoja kuna uzi mwembamba wa madini ya tungsteni, unaofanana na ule wa balbu za zamani. Uzi huo ukipashwa moto na umeme, hutoa chembe ndogo mno ziitwazo elektroni. Upande wa pili kuna sahani, nayo vilevile ni ya tungsteni kwa kuwa madini hayo huhimili joto kali. Mpigaji anapobonyeza kitufe, umeme wa kati ya volti 40,000 na 150,000 huzivuta elektroni hizo kwa kasi kubwa hadi zikagonga sahani na kusimama ghafla. Nguvu ya mwendo wao lazima igeuke kitu kingine: takriban sehemu moja katika mia hugeuka miale ya eksirei, na sehemu 99 zilizosalia hugeuka joto.

Hesabu hiyo inaeleza mengi kuhusu utunzaji wa mtambo. Ndiyo sababu sahani katika mitambo mingi huzungushwa mara 3,000 au zaidi kwa dakika, ili elektroni zisigonge mahali pamoja na kupayeyusha. Ndiyo sababu bomba huzungukwa na mafuta ya kulipoza. Na ndiyo sababu mpigaji aliyefunzwa hulipasha bomba taratibu asubuhi kabla ya kazi, na hulipumzisha baada ya picha nyingi mfululizo. Mahali penye joto la nyuzi zaidi ya 30, kama Garsen, mazoea hayo ndiyo yanayolipa bomba maisha marefu.

Inafaa pia kuondoa hofu moja iliyoenea. Kitufe kikishaachiliwa, miale hukoma papo hapo, kama nuru ya taa iliyozimwa. Haibaki chumbani, haibaki kitandani, wala haibaki mwilini mwa mgonjwa. Mama anaweza kumnyonyesha mtoto wake mara tu baada ya kupigwa picha bila wasiwasi wowote.

VIPIMO VITATU ANAVYOVIAMUA MPIGAJI

Kabla ya kubonyeza kitufe, mpigaji huamua mambo matatu.

La kwanza ni nguvu ya miale, ambayo hupimwa kwa kilovolti. Kilovolti zikiwa chache, miale haipenyi vizuri na picha huwa na weupe na weusi uliotengana mno. Zikiwa nyingi, hupenya kila kitu na tofauti za rangi hupungua. Kiganja cha mkono huhitaji takriban kilovolti 50 hadi 55. Goti huhitaji karibu 60 au zaidi kidogo. Kifua, kikipigwa kwa wavu maalumu, huweza kupewa kati ya 110 na 125.

La pili ni wingi wa miale. Huo hupatikana kwa kuzidisha kiasi cha umeme unaopita bombani, yaani miliampia, kwa muda wa kupiga kwa sekunde. Miliampia 200 kwa sehemu ya kumi ya sekunde ni sawa na miliampia 400 kwa nusu ya muda huo. Zote mbili hutoa 20. Tofauti haiko katika wingi wa miale bali iko katika muda, na hapo ndipo ujuzi unapojitokeza. Mtoto anayelia hatatulia kwa ajili ya mtu yeyote. Mpigaji mwerevu humchagulia miliampia nyingi na muda mfupi, ili picha imalizike kabla mtoto hajajipinda.

La tatu ni umbali. Miale hutawanyika kadiri inavyosafiri, hivyo umbali ukiongezwa maradufu, nguvu inayofika hubaki robo tu, wala si nusu. Anayesogeza bomba kutoka sentimita 100 hadi 200 bila kubadilisha vipimo vingine atapata picha hafifu. Kanuni hiyo hiyo ndiyo ngao ya mfanyakazi: anayesimama mita mbili kutoka kwenye chanzo hupata robo ya mionzi ambayo angeipata akiwa mita moja.

Vipimo hivi havisimami peke yake. Kanuni ya kazi inayofunzwa vyuoni husema kwamba kuongeza kilovolti kwa asilimia 15 huifanya picha ikolee karibu sawa na kuongeza wingi wa miale maradufu. Mpigaji anayeijua kanuni hiyo hurekebisha picha kwa hesabu. Asiyeijua hukisia, na gharama ya makisio hayo huibeba mgonjwa.

KUMWEKA MGONJWA

Vipimo vikiwa sahihi, bado picha inaweza kuharibiwa na namna mgonjwa alivyowekwa. Turudi kwa mkono uliovimba. Picha moja haitoshi. Ufa wa mfupa unaweza kujificha kabisa ukitazamwa kutoka mbele, kisha ukajitokeza wazi ukitazamwa kutoka ubavuni. Ndiyo maana kila mfupa mrefu hupigwa picha mbili zinazokutana kwa pembe ya nyuzi 90, na kila picha hujumuisha kiungo cha juu na cha chini ya mahali panapouma. Kigasha kikiwa kimevunjika katikati, picha ionyeshe kiwiko na kifundo cha mkono pia, kwa maana mara nyingi mfupa mmoja ukivunjika, wa pili huchomoka kwenye kiungo chake.

Kifua kina taratibu zake. Mgonjwa husimama akilielekea bamba, kidevu juu, mabega yakisukumwa mbele ili mifupa ya bega isiyafunike mapafu. Bomba huwa nyuma yake, umbali wa sentimita 180, ili kivuli cha moyo kisivimbe kupita ukubwa wake halisi. Kisha hutakiwa avute pumzi na kuizuia. Picha ikitoka, mpigaji huikagua mwenyewe kabla ya kumwachilia mgonjwa. Je, mbavu kumi za upande wa nyuma zinahesabika juu ya msuli unaotenganisha kifua na tumbo? Kama hazihesabiki, pumzi haikutosha, na mapafu yaliyosinyaa huweza kudhaniwa kuwa na ugonjwa. Je, ncha za ndani za mitulinga miwili ziko mbali sawa na uti wa mgongo? Kama sivyo, mgonjwa alikuwa amepinda. Je, alama ya upande ipo, yaani R kwa kulia na L kwa kushoto? Picha isiyo na alama huweza kumfikisha mgonjwa kwenye chumba cha upasuaji akiwa na upande usiofaa.

Hapa ndipo lugha inapogeuka chombo cha kazi. Maneno "vuta pumzi, izuie, usitikisike" hayana manufaa kwa bibi anayezungumza Kiorma peke yake, au mzee wa Kipokomo ambaye masikio yake yamechoka. Mpigaji anayeweza kusema, "Mama, fanya kama mimi," akavuta pumzi mbele yake na kufanya naye mazoezi mara mbili kabla ya kubonyeza kitufe, hupata picha nzuri mara ya kwanza. Kijana aliyelelewa katika vijiji hivi na kuzisikia lugha zake tangu utotoni ana mtaji ambao hakuna kampuni inayouuza.

Kuna vilevile suala la kubana mwale. Kwenye bomba kuna vipande vya madini ya risasi vinavyofunguka na kufunga kama milango, na taa ndogo huonyesha mahali miale itakapoangukia. Milango hiyo ikiachwa wazi, miale hugonga sehemu za mwili zisizohitajika, nayo hutawanyika na kurudi kwenye picha kama ukungu. Mwale ukibanwa kwenye sehemu inayotakiwa pekee, mgonjwa hupata mionzi michache na picha huwa safi zaidi. Ni nadra katika tiba jambo moja kumkinga mgonjwa na kumsaidia daktari kwa wakati mmoja.

KUTOKA KIVULI HADI PICHA

Kwa miaka mingi kivuli hicho kilinaswa kwenye filamu yenye chembe za madini ya fedha. Filamu ilisafishwa kwenye chumba cha giza chini ya taa nyekundu hafifu: kwanza dawa ya kuitokeza picha, kisha kuisuuza, kisha dawa ya kuiimarisha, kisha maji safi na kukausha. Iliposafishwa kwa mkono, dawa ya kwanza ilitakiwa iwe na joto la takriban nyuzi 20. Mahali ambapo maji ya bomba lenyewe huwa vuguvugu mchana kutwa, hilo lilikuwa shindano la kila siku. Dawa ikipata joto zaidi ya kipimo, picha hukolea upesi na kuingia ukungu. Filamu zenyewe, zikihifadhiwa kwenye joto na unyevu wa delta, huharibika kabla ya kutumiwa.

Mitambo ya kidijitali imeuondoa mzigo huo. Bamba la kidijitali hugeuza miale kuwa ishara za umeme, na picha hutokea kwenye kompyuta baada ya sekunde chache. Haihitaji maji wala kemikali, na inaweza kutumwa kwa daktari bingwa aliye Mombasa au Nairobi mradi tu kuna mtandao. Hilo si jambo dogo kwa kaunti ambayo barabara zake huzama.

Hata hivyo, dijitali imeleta mtego wake. Filamu ilimuumbua aliyekosea: miale ikizidi, ilikuwa nyeusi, ikipungua, ilikuwa nyeupe. Kompyuta hulainisha makosa. Miale ikizidi, huirekebisha picha ikaonekana nzuri tu, pengine nzuri zaidi kuliko ile iliyopigwa kwa kipimo halali. Mpigaji asiye makini huzoea kuongeza kidogo leo na kidogo kesho, huku wagonjwa wakipokea mionzi wasiyoihitaji. Dawa yake ni kusoma nambari ambayo mtambo huitoa baada ya kila picha kuonyesha kiasi cha miale kilicholifikia bamba, na kuilinganisha na kipimo kilichowekwa.

MIONZI NA USALAMA

Je, eksirei ni hatari? Jibu la haki ni kwamba hatari yake ni ndogo, lakini si sifuri. Kila binadamu hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na hata katika chakula, wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka duniani kote. Picha moja ya kifua iliyopigwa vizuri hutoa takriban sehemu mbili kwa mia za milisiveti, kiasi cha mionzi ya asili ya siku tatu hivi. Picha ya sehemu ya chini ya uti wa mgongo hutoa nyingi zaidi, karibu milisiveti moja na nusu.

Kutokana na hayo, kanuni ya kimataifa ni kwamba kila picha iwe na sababu, na itumie mionzi michache kadiri inavyowezekana ili kupata jibu. Picha isiyobadilisha matibabu haifai kupigwa. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa aulizwe kama huenda ana mimba. Swali hilo halifai kuulizwa mbele ya mkwe au shemeji aliyemsindikiza, kwa kuwa jibu litakalotolewa kwa aibu halitakuwa jibu. Aulizwe faraghani, kwa heshima, na aelezwe sababu. Anayemshika mtoto wakati wa kupiga picha awe jamaa asiye mjamzito, avalishwe aproni ya risasi, na asiwe mfanyakazi yule yule kila siku.

Sheria ipo. Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka wa 2019 iliunda mamlaka ya kudhibiti shughuli za nyuklia na mionzi nchini Kenya, iliyochukua majukumu ya Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi. Vyumba vya eksirei na mitambo yake vinapaswa kuwa na leseni, na wafanyakazi huvaa kifaa kidogo kinachopima mionzi wanayoipokea. Kiwango cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na kwa mwananchi wa kawaida ni moja, mbali na mionzi ya asili na matibabu yake mwenyewe.

UMEME NA MTAMBO UNAOFAA

Tatizo la kuupeleka mtambo wa eksirei mbali na mji lina umri unaokaribia wa eksirei yenyewe. Mwaka wa 1898, wakati wa vita vya Waingereza nchini Sudan, daktari wa jeshi John Battersby aliufikisha mtambo wake hadi Abadieh, kando ya Mto Nile. Umeme haukuwapo. Askari waliendesha baiskeli ya watu wawili iliyozungusha dinamo, nayo ikajaza betri. Joto lilikuwa kali hata ikabidi kazi ifanywe nyakati za ubaridi. Pamoja na hayo, katika majeruhi 21 ambao risasi zao hazikupatikana kwa njia za kawaida, eksirei ilitoa jibu sahihi kwa 20.

Funzo la Abadieh halijapitwa na wakati. Mtambo huhitaji umeme mwingi sana kwa muda mfupi sana. Umeme ukiyumba katika sehemu hiyo ya sekunde, picha huharibika. Suluhisho ni kuuhifadhi umeme kwanza kwenye betri kisha kuutoa kwa mkupuo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilifuata wazo hilo lilipobuni mfumo wa msingi wa eksirei kwa hospitali ndogo, na miongozo yake ikachapishwa katika miaka ya 1980. Bomba na bamba viliunganishwa kwenye mkono mmoja ili umbali usibadilike kamwe, na chaguo za kilovolti zikapunguzwa zikawa chache. Waliobuni mfumo huo walielewa kwamba kila kitu kinachoweza kukosewa kikipunguzwa, picha nzuri huongezeka.

Kenya nayo imejifunza kwa gharama. Mwaka wa 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa ajili ya kaunti zote 47, ukilenga hospitali mbili katika kila kaunti, na vifaa vya picha vilikuwa miongoni mwake. Mpango huo ulizua mjadala mkali hadi Seneti ikaunda kamati maalumu ya kuuchunguza, iliyotoa ripoti yake mwaka wa 2020. Miongoni mwa malalamiko yaliyosikika ni kwamba katika baadhi ya hospitali vifaa vilikaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, umeme au maji.

KIFUA KIKUU HAKINGOJI

Mivunjiko huonekana na kuuma. Kifua kikuu hujificha. Utafiti wa kitaifa uliofanywa kati ya mwaka wa 2015 na 2016 ulihusisha watu 63,050 katika sehemu mbalimbali za nchi, na kila mmoja aliulizwa dalili zake na kupigwa picha ya kifua. Ulikadiria kwamba katika kila watu wazima 100,000, watu 558 walikuwa na ugonjwa huo. Wengi waliogunduliwa hawakuwa na kikohozi cha wiki mbili ambacho kwa desturi huwatia watu shaka. Eksirei ndiyo iliyowatoa mafichoni.

Tangu hapo mitambo imekuwa midogo kiasi cha kubebwa begani na kutumia betri. Mwaka wa 2021 WHO iliidhinisha matumizi ya programu za kompyuta kusoma picha za vifua kutafuta dalili za kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Kwa jamii ya wafugaji inayohama, mtambo unaoifuata kisimani una maana kuliko ule unaoingoja mjini. Lakini programu husoma kile ilichopewa. Kifua kilichopinda, pumzi iliyovutwa nusu, au shanga na hirizi zilizosahaulika shingoni, huipotosha kompyuta sawasawa na zinavyompotosha daktari. Kadiri mashine inavyopewa kazi ya kusoma, ndivyo mpigaji anavyozidi kuwajibika.

NJIA YA KUJIFUNZA

Nchini Kenya, Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC) hutoa stashahada ya taaluma ya upigaji picha za matibabu. Wengine huendelea hadi shahada katika vyuo vikuu. Madaktari wanaotaka kubobea katika usomaji wa picha hizo hupata mafunzo ya uzamili, yakiwemo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwanafunzi wa shule ya upili anayelenga taaluma hii aishike fizikia, kwa kuwa ndiyo mama wa yote tuliyoyaeleza, pamoja na biolojia na hisabati. Chuoni atafundishwa umbo la mwili, fizikia ya mionzi, usalama, utunzaji wa mitambo na namna ya kumhudumia mgonjwa, kisha atapelekwa hospitalini kufanya kazi chini ya uangalizi.

Shule za Garsen, Hola, Tarasaa na kwingineko katika kaunti hii zina vijana wanaoweza kuifikia taaluma hii iwapo maabara zao za fizikia zitakuwa na vifaa na iwapo misaada ya karo itatengwa kwa masomo ya aina hii. Mtaalamu anayeletwa kutoka mbali huomba uhamisho mara nyingi. Aliyezaliwa hapa ana sababu ya kubaki.

Kwa hivyo, wakazi wanapoitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti na wakaambiwa kwamba mtambo mpya wa eksirei utanunuliwa, wasiishie kupiga makofi. Waulize ni nani atakayeuendesha, na ni nani atakayeshika zamu yake akienda likizo. Waulize utapata umeme kutoka wapi gridi ikizimika, ni nani atakayezisoma picha, na fundi atatoka wapi ukiharibika. Mtambo hununuliwa kwa siku moja. Mpigaji picha hodari hulelewa kwa miaka, na malezi hayo lazima yaanze kabla sanduku la mtambo halijafunguliwa.